Tumbo linaloharibu safari ya kazini, na dawa ya kampo

Kwenye treni za asubuhi za mijini Japani wapo abiria wasiopanda treni ya haraka hata wakichelewa kazini. Wanangoja ile inayosimama kila kituo, ili tumbo likianza kusokota washuke upesi, wakimbilie chooni. Hali hiyo imezoeleka huko kiasi cha kupewa jina lake: ugonjwa wa treni ya kila kituo. Hospitalini tunaiita IBS, yaani utumbo usiotulia.

Mwenye IBS huumwa tumbo angalau siku 1 kwa wiki, kwa miezi 3 mfululizo, na maumivu huendana na haja kubwa au na choo kilichobadilika: wengine huharisha, wengine hufunga choo, wengine huyapata yote mawili kwa zamu. Akipimwa, haonekani na kidonda wala uvimbe. Hapo ndipo huambiwa "huna kitu", kauli inayowaumiza wagonjwa bure. Utumbo una mtandao wake wa neva unaozungumza na ubongo saa zote, na takriban 90% ya serotonini ya mwili, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, hutengenezwa humo. Hofu ya kikao na bosi inafika tumboni kweli.

Kampo ni tiba ya mitishamba iliyotoka China, Wajapani wakaichonga kwa karne nyingi hadi ikawa yao. Serikali ya Meiji, iliyotawala Japani mwishoni mwa karne ya 19, iliisukuma pembeni ilipochagua udaktari wa Kizungu, lakini haikufa, na mwaka 1976 fomula nyingi ziliingizwa kwenye bima ya afya ya taifa. Leo ziko 148. Anayeziandika ni daktari yuleyule anayekuingiza kamera tumboni, na mfamasia hukupa pakiti za chembechembe zilizopimwa kiwandani, za kukoroga kwa maji ya uvuguvugu na kunywa kabla ya kula.

Kinachonivutia zaidi ni namna wanavyolipapasa tumbo. Sisi humwambia mgonjwa akunje magoti ili misuli ilegee. Daktari wa kampo humtaka anyooshe miguu, kwa kuwa anautafuta huohuo mkazo. Akikuta misuli miwili ya pembeni mwa kitovu imekakamaa kama kamba, mawazo yake huenda kwenye mzizi wa ua la pioni, ambao hulegeza misuli.

Fomula inayotajwa sana kwa IBS ni keishikashakuyakuto: mdalasini wa Kichina, pioni, kunazi kavu, tangawizi na urukususu (mzizi mtamu). Viungo hivyohivyo, pioni ikiwa gramu 4 kwa siku, ni dawa ya mafua. Ipandishe hadi gramu 6, inakuwa dawa ya msokoto wa tumbo. Asili yake ni maandishi ya tabibu Zhang Zhongjing wa China, yapata mwaka 200, aliyeiagiza kwa mgonjwa aliyeharishwa kimakosa na tabibu mwingine, tumbo likajaa na kuuma. Kwa aliyefunga choo huongezwa daio, mzizi wenye kemikali za jamii ya zile zilizomo kwenye sanamaki. Ambaye tumbo lake ni la baridi na limejaa gesi hupewa daikenchuto, yenye pilipili ya sansho. Ambaye msongo umembana kifuani na ubavuni huenda akapewa shigyakusan.

Ushahidi wa kisayansi upo, ila haujawa mzito. Utafiti mwingi ni wa Japani kwenyewe, na mara nyingi kwa wagonjwa wachache. Ningeiita dawa ya kusaidia, baada ya chakula, usingizi na chanzo cha msongo kushughulikiwa.

Najua msomaji ameshaona tangawizi na mdalasini, akafikiria sufuria. Chai hiyo ni tamu, lakini si keishikashakuyakuto. Hatari yenyewe imejificha kwenye urukususu. Ukizidi, au ukinywewa muda mrefu, hushusha potasiamu mwilini, ukapandisha presha, ukavimbisha miguu na kulegeza misuli. Anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza maji yuko hatarini zaidi. Fomula nyingine zenye ogon, mzizi mwingine wa kampo, zimewahi kudhuru ini na mapafu, kwa hiyo kikohozi kikavu na pumzi kukata ni sababu ya kuacha dawa siku hiyohiyo na kurudi kwa daktari. Mjamzito asiguse daio bila kumwuliza daktari wake.

Na kabla ya kuliita tatizo lako IBS: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, tumbo linalokuamsha usiku, au dalili zinazoanza baada ya miaka 50 zinahitaji vipimo kwanza. Ukienda, beba pakiti zote unazotumia, hata zile ulizoletewa na ndugu kutoka safarini, maana daktari hawezi kukisia kilichomo ndani ya kikaratasi kilichoandikwa Kijapani.