Kichanga kisichoshika maji: kuandaa tuta la mboga kabla ya kiangazi

Kwenye udongo wa kichanga kama ule ulioenea Dodoma, nyanya humwagiliwa asubuhi na saa nane mchana majani yakawa yamelegea. Mara nyingi maji hayakuwa machache, ila yamepita. Punje za kichanga ni kubwa na nafasi kati yake ni pana, hivyo maji huteremka chini ya mizizi kabla mmea haujayafaidi.

Hesabu yake ni hii. Katika kina cha mita moja, kichanga hushika milimita 25 hadi 100 za maji yanayofaa mmea (milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba). Tifutifu hushika 100 hadi 175. Mizizi mingi ya mchicha, sukuma wiki na nyanya changa iko kwenye sentimita 30 za juu, kwa hiyo mita moja ya mraba ya kichanga ina akiba ya lita 8 hadi 30 tu. Kwenye jua la Oktoba, mboga zilizokwisha kufunika ardhi hutumia lita 5 hadi 7 kwa siku katika eneo hilohilo. Kichanga kibaya kabisa huishiwa siku ya pili.

Kinachoongeza akiba hiyo kwa gharama ndogo ni mboji iliyoiva. Kwa tuta la mara ya kwanza, changanya debe moja (lita 20) kwa kila mita 2 za mraba. Misimu inayofuata nusu ya hapo inatosha. Ichanganye na udongo wa sentimita 20 za juu. Ukiifukia chini zaidi, mizizi michanga haiifikii. Kama mboji ni haba, usiisambaze shamba zima: chimba mashimo ya nyanya yenye upana na kina cha sentimita 30, uweke kilo 1 hadi 2 kila shimo na kuichanganya na udongo uliotoka humo.

Kosa tunalokutana nalo sana ni kuweka mboji kavu siku ya kupanda. Mboji iliyokauka kabisa husukuma maji badala ya kuyanywa. Utaona matone yanaviringika juu yake. Iweke wiki 2 kabla, na uinyeshee kidogokidogo mara kadhaa hadi ilowe.

Kosa la pili ni samadi mbichi. Huunguza mizizi kwa chumvi na amonia, huleta mbegu za magugu, na kwenye mboga za majani huweza kubeba vimelea vinavyomfikia mlaji. Rundo la mboji liwe na kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, lipate joto la nyuzi 55 hadi 65, na ligeuzwe kila baada ya wiki 2 au 3. Ukikamua konzi moja, litoke tone moja au mawili, si zaidi. Baada ya miezi 2 hadi 3 liwe na harufu ya udongo wa msituni. Likinuka mkojo, subiri. Vumbi la mbao bichi lisiingie kabisa kwenye tuta: vijidudu vinavyolivunja hunyang'anya mimea naitrojeni, na majani hugeuka manjano.

Makaa ya mimea, yaani mkaa wa mabaki ya mimea unaochanganywa na udongo, huja baada ya mboji, hayachukui nafasi yake. Hudumu udongoni miaka mingi, ilhali mboji kwenye joto letu huisha haraka. Hakuna sababu ya kukata mti: chenga zinazobaki kwa wauza mkaa zinafaa, pia matawi makavu yaliyopogolewa kwenye mizabibu. Matawi choma kwenye shimo lenye umbo la faneli, ukiongeza tabaka jipya kila la juu linapoanza kuvaa jivu jeupe, kisha zima kwa maji mengi. Ukichelewa kuzima, utapata jivu, ambalo halishiki maji kama makaa na huongeza hali ya magadi (alkali) udongoni. Pumba za mpunga hujibana na kuzuia hewa shimoni. Hizo zichomwe kwa kuzirundika kuzunguka bomba la bati lenye matundu.

Ponda makaa yawe madogo kuliko punje za mahindi, changanya sehemu 1 na sehemu 3 za mboji, loweka na uache wiki 3. Yakiwekwa makavu peke yake hufyonza virutubisho na mimea hudumaa msimu wa kwanza. Kwenye udongo wenye magadi punguza kipimo, kwani makaa huweza kuongeza magadi na kuuzuia mmea kupata madini ya chuma: majani machanga yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, chuma kimeanza kukosekana.

Chembechembe za hidrojeli (punje za kunyonya maji na kuyashika udongoni) zinazouzwa kwa sifa kubwa zinavimba vizuri kwenye maji safi. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi uwezo huo hushuka sana, kwa hiyo zijaribu kwanza kwenye glasi ya maji yako mwenyewe.

Tuta likishapandwa, weka matandazo (nyasi au majani makavu ya kufunika udongo) ya sentimita 5 hadi 8, yakae mbali na shina kwa upana wa vidole vinne. Penye mchwa, yakague kila wiki. Kabla ya kumwagilia tena, chimba sentimita 15 na ufinyange udongo kiganjani: donge likishikana, acha hadi kesho, likimomonyoka, mwagilia. Nyanya zinazokaushwa sana kisha kufurikishwa huoza kitako, hata kama udongo una kalisi (kalsiamu) ya kutosha.