Ukimpeleka mbwa kwa wazee, macho yako yabaki kwa mbwa

Kazi yangu ni kuwapima mbwa na paka kabla wenyewe hawajaanza kuwapeleka kwenye makao ya wazee kwa kujitolea. Karibu kila anayekuja huanza kwa kunisimulia jinsi mbwa wake anavyopenda watu: anamrukia kila mgeni, analamba kila mkono. Namsikiliza, kisha namtazama yeye kuliko ninavyomtazama mbwa. Nataka kujua kama anaona mnyama wake anachosema akiwa kimya.

Mbwa anayerukia wageni ni hatari kwa mtu wa miaka 85. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba, ukucha ukipita tu inachanika, na wazee wengi wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hivyo mkwaruzo mdogo huvuja damu kwa muda mrefu. Ndiyo maana kucha za mbwa hukatwa na kulainishwa kwa tupa kabla ya ziara. Tunayemtafuta ni mbwa anayemwendea mtu polepole, anayetulia ubavuni mwa kiti cha magurudumu, asiyeruka mkongojo ukianguka, na anayevumilia kushikwa sikio na mkono unaotetemeka. Paka naye anafaa, mradi akubali kuvaa mikanda ya kifuani na kulala juu ya taulo mapajani mwa mtu asiyemjua. Paka wa aina hiyo ni wachache mno.

Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa watoto wa New York, Boris Levinson, alichapisha makala kuhusu mbwa kama msaidizi wa tiba. Kisa chake kilianza pale mtoto aliyejitenga na watu alipowahi miadi, na Jingles, mbwa wa Levinson, akamkimbilia. Hakuna aliyemtuma. Mimi hukirudia kisa hiki kwa kila ninayemfundisha, kwa sababu ya hilo tu: mbwa alijiendea mwenyewe.

Nililielewa hilo kwa kumuumiza mbwa wangu. Mwanzoni nilikuwa na haraka ya kumfikia kila mtu, na siku moja tuliingia vyumba kumi na viwili bila kupumzika. Chumba cha tano alianza kulamba midomo. Cha saba akapiga miayo, nikacheka na mzee tuliyekuwa naye, nikasema ana usingizi. Cha tisa aligeuza uso mkono ulipomfuata, nami nikamrudisha kichwa kwa kidole changu. Wiki iliyofuata alifika mlangoni mwa makao akakaa chini, akagoma. Ilinichukua miezi kumrudishia imani, na bado inaniuma.

Dalili zote zilikuwa pale. Mbwa anayelamba midomo pasipo chakula, anayepiga miayo asipokuwa na usingizi, anayeonyesha weupe wa jicho, anayehema ilhali chumba kina ubaridi, au anayejikung'uta kama ametoka majini huenda anakwambia imetosha. Mkia unaotikisika peke yake hauthibitishi furaha. Shirika la Pet Partners la Marekani, linalosajili wanyama wa ziara kama hizi, huweka kikomo cha saa 2 za ziara kwa siku. Kwa anayeanza, mimi nasema dakika 30 au 40, na ikibidi tunatoka hata kabla.

Usafi hauna mjadala. Chanjo ziwe kamili, hasa ya kichaa cha mbwa, na minyoo, viroboto na kupe vidhibitiwe. Mnyama anayelishwa nyama mbichi simpitishi, maana anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, huku mnyama mwenyewe ni mzima kabisa. Kila mkazi anawe mikono kabla na baada ya kumgusa. Chumba chenye mgonjwa wa kuhara hatuingii. Kuna bakteria ambao dawa ya mikono ya spiriti haiwaui, ila wanaondolewa kwa maji na sabuni. Halafu tazama sakafu kabla ya mbwa kuiona. Vidonge huanguka chini ya vitanda, na mbwa hula kwanza, hafikiri.

Uliza mlangoni kila mara. Wapo wasiotaka mbwa kwa hofu, kwa mzio au kwa imani yao, na hilo linatosha, usibembeleze. Anayekubali, mwendee kwa mbele, funga breki za kiti chake, kisha mwache mbwa asogee. Mwenye ugonjwa wa usahaulifu anaweza kukuuliza jina la mbwa mara saba kwa dakika kumi. Lijibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, kwa sababu kwake ndiyo kwanza. Mkono ulioathiriwa na kiharusi unaweza kushikishwa brashi. Nimeona watu waliokuwa wakikataa mazoezi wakisugua manyoya robo saa nzima bila kulalamika.

Kuondoka ndiko kunakowashinda wengi. Wanaona haya kumnyima mzee dakika mbili zaidi, mbwa anaendelea kuvumilia. Mimi husema ukweli. Juzi nilimwambia bibi mmoja aliyekuwa amemshika mbwa wangu shingoni, "Bibi, mwenzetu amechoka." Akamwinamia, akamtazama usoni kwa muda, akaondoa mkono.

"Kweli," akasema. "Mpeleke akalale."