Nitrati kwenye maji ya kisima: maswali kutoka tambarare ya Moshi

Kisima chetu huku Mabogini kina maji maangavu, hayanuki. Hofu ya nini?

Nitrati haina rangi, harufu wala ladha. Asili yake ni naitrojeni, gesi ambayo ni asilimia 78 ya hewa na haimdhuru anayeivuta. Bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya maharage huiingiza udongoni kidogo kidogo. Sisi tunaimwaga kwa mifuko: mbolea ya yurea ni asilimia 46 naitrojeni. Mpunga usipoimaliza, maji ya mifereji na mvua za masika huishusha hadi kisimani. Jumlisha samadi, na choo cha shimo kilichochimbwa hatua chache tu kutoka kisimani (hicho mara nyingi ndicho mkosaji kuliko hata shamba).

Nani yuko hatarini?

Zaidi ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Mwilini nitrati hugeuka nitriti, na damu hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Mtazame midomo, ulimi, fizi na kucha. Kwenye ngozi nyeusi mashavu hayatakuambia kitu. Ukiona rangi ya bluu au kijivu, kimbilia hospitali, usisubiri asubuhi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 50 za nitrati kwa lita, kiliwekwa kwa ajili ya watoto hawa.

Si nayachemsha?

Endelea kuchemsha, maana vijidudu vinakufa. Nitrati haifi. Maji yakipungua sufuriani, yanayobaki huwa nayo nyingi zaidi kwa kila lita. Klorini nayo haiiondoi. Hata chujio la mkaa wa mifupa, ambalo watu wa Arusha wanalijua kwa sababu ya floraidi, si dawa ya nitrati.

Basi nifanyeje?

Peleka maji yakapimwe maabara. Mtoto anyonye ziwa la mama pekee hadi miezi 6. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa mteremkoni. Yurea igawe kwa awamu, wala usiitupe shambani wingu likiwa limeshafunga.

Na bwawa linapogeuka kijani?

Ni mbolea hiyohiyo, safari hii imelisha mwani. Mwani ukifa na kuoza humaliza oksijeni, samaki wakaelea. Aina nyingine hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemsha, kwa hiyo watoto wasiogelee humo na mifugo inyweshwe kwingine.