Tauni ya Wittenberg na Swali la Kumtenga Mgonjwa

Tangu tuanze kutoa elimu ya magonjwa ya mlipuko sharikani, dawati letu la huduma ya kichungaji hospitalini limepokea malalamiko mengi kwamba kumtenga mgonjwa, au kuwazuia ndugu wasimguse, ni kupungukiwa imani. Kwa kuwa baadhi ya walalamikaji hudai kwamba wazee wa imani hawakufanya hivyo, yafaa tumsikilize Martin Luther mwenyewe, mwanamatengenezo wa Kanisa wa karne ya 16.

Tauni iliingia Wittenberg, Ujerumani, Agosti 1527. Chuo kikuu alikofundisha Luther kilihamishiwa mji wa Jena, na mtawala wa Saksonia akamwagiza Luther naye aende. Hakwenda. Alibaki na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, na nyumba yake ikageuka mahali pa kuuguzia wagonjwa, ingawa mkewe Katharina alikuwa mjamzito.

Mwaka huohuo aliwajibu kwa maandishi wachungaji wa Breslau (leo Wrocław, Poland), waliouliza kama Mkristo anaruhusiwa kuukimbia ugonjwa. Jibu lake lina masharti, na pengine ndiyo sababu watu hulinukuu nusu. Wenye dhamana, yaani wachungaji, mahakimu, mameya na matabibu, hawaruhusiwi kuondoka na kuwaacha watu bila wa kuwahudumia. Wengine waweza kwenda, ilimradi jirani mgonjwa asikose wa kumtunza. Anayebaki afukize nyumba, atumie dawa, na asiende mahali asipohitajika, asije akaambukizwa na kuwaambukiza wengine; jirani akimhitaji, aende bila kusita. Anayedharau dawa kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu, Luther anasema, anamjaribu Mungu. Sijui kama jambo hili laweza kuelezwa wazi zaidi ya hapo.

Kuhusu adhabu alikuwa mkali: anayejijua kuwa mgonjwa, akaficha na kujichanganya na watu makusudi, akabidhiwe kwa mnyongaji kama muuaji. Dawati hili halipendekezi adhabu hiyo, ila linaomba dalili zitajwe mapema mapokezi.

Katika maandishi hayohayo Luther analalamika kwamba watu humwita mchungaji wakati mgonjwa hajitambui tena, roho ikiwa imefika ncha ya ulimi. Miaka karibu 500 imepita na bado tunaitwa saa hiyohiyo. Utaratibu wetu ni huu: mara mgonjwa anapolazwa wodi ya kutengwa, ndugu mmoja amjulishe muuguzi wa zamu kwamba mchungaji anahitajika, ataje jina la mgonjwa, namba ya kitanda na usharika wake, kisha aache namba ya simu inayopatikana. Mchungaji atavalishwa mavazi ya kujikinga chini ya usimamizi wa muuguzi, ataingia peke yake, na atakaa kwa muda atakaoruhusiwa. Biblia na kitabu cha nyimbo vikishaingia wodini havitoki tena, kwa hiyo familia isilete nakala ya ukoo yenye majina ya waliobatizwa, kama ilivyokwisha kutokea, halafu ikatudai.