Miezi sita bila uzito: maswali na majibu kuhusu afya ya wanaanga

Septemba 2022 Frank Rubio, daktari na rubani wa helikopta wa jeshi la Marekani, alipaa kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu akijua atakaa miezi sita hivi. Desemba mwaka huo chombo cha Soyuz kilichompeleka yeye na Warusi wawili, Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin, kikavuja kimiminika cha kupozea mitambo. Ikabidi kipelekwe chombo kingine kitupu, na ratiba nzima ikasogea. Rubio aligusa ardhi Kazakhstan tarehe 27 Septemba 2023, baada ya siku 371, muda ambao hakuna Mmarekani mwingine aliyewahi kuufikisha kwa safari moja. Habari kama hiyo ikitoka, watu huuliza maswali yanayofanana. Hapa nimejibu yanayohusu mwili tu. Ya mitambo nawaachia wahandisi.

Swali: Ni kweli kule juu hakuna uvutano kabisa?

Jibu: Hapana. Kituo kiko kilomita 400 hivi kutoka ardhini, na hapo uvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao. Ila kituo kinakimbia kama kilomita 28,000 kwa saa, kinaanguka kuizunguka dunia bila kuifikia, na kila kilichomo ndani kinaanguka nacho kwa kasi ileile. Mtu anayeanguka pamoja na sakafu hawezi kuikanyaga. Basi miguu haina cha kubeba, uti wa mgongo haulemewi, na moyo hauna mlima wa kupandisha damu. Karibu kila tatizo utakalolisoma hapa chini linaanzia hapo.

Swali: Siku za mwanzo mtu hujisikiaje?

Jibu: Mara nyingi vibaya. Gherman Titov, Mrusi aliyekaa angani kwa siku nzima mwaka 1961, ndiye wa kwanza kupata kichefuchefu cha anga, na tangu hapo zaidi ya nusu ya wanaoenda hukipata. Sikio la ndani, linalotuambia juu ni wapi na chini ni wapi, linapoteza dira, huku macho yakisema jingine. Baada ya siku mbili tatu ubongo huzoea.

Wakati huohuo maji ya mwili yanapanda. Uso unavimba, pua inaziba kama mtu mwenye mafua, miguu inakonda. Mwili ukiona kifua na kichwa vimejaa hudhani maji yamezidi, ukapunguza kiasi cha damu. Mgongo nao unarefuka sentimita kadhaa, na wengi huumwa kiuno wiki ya kwanza. Dawa yao ni kujikunja, magoti kifuani, mpaka maumivu yaachie.

Swali: Kwa nini mifupa inaisha, na mazoezi yanasaidia kweli?

Jibu: Mfupa haukai vilevile maisha yote. Kuna seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga, na zinazojenga hufanya kazi zikisikia uzito. Uzito ukikosekana, ubomoaji unaendelea na ujenzi unalegea. Mwanaanga asiyefanya mazoezi ya kutosha hupoteza kwenye nyonga asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa kila mwezi. Mama aliyekoma hedhi hapa duniani hupoteza kiasi kama hicho kwa mwaka.

Ndiyo maana ratiba ya kituoni ina saa mbili hadi mbili na nusu za mazoezi kila siku. Vyuma vya kunyanyua havina maana mahali ambapo tani moja inasukumwa kwa kidole, kwa hiyo kuna mashine yenye silinda za ombwe, yaani zisizo na hewa ndani, zinazovuta kinyume na mwili. Tangu ifike mwaka 2008, mifupa ya wanaanga imekuwa ikirudi katika hali nzuri kuliko ya waliowatangulia. Anayekimbia hufungwa mikanda mabegani na kiunoni inayomvuta kuelekea mashine ya kukimbilia; bila hiyo, hatua ya kwanza ingempeleka darini. Jasho halidondoki. Linatanda mgongoni na kichwani kama utando wa maji, linazidi kunenepa, mpaka mtu alifute kwa taulo kabla halijaachana naye na kwenda kutua kwenye kifaa cha mwenzake.

Kalisi (kalsiamu) inayotoka kwenye mifupa hupitia kwenye mkojo, na hapo ndipo hofu ya mawe ya figo inapoingia. Ushauri ni uleule anaopewa dereva wa malori au mfanyakazi wa juani: kunywa maji mengi. Maji yenyewe kwa sehemu kubwa ni mkojo, jasho na mvuke wa pumzi uliosafishwa. Mitambo ya sasa hurudisha hadi asilimia 98 ya maji yote. Anayeona kinyaa akumbuke kwamba mengi ya mabomba yetu ya mjini hayafikii usafi huo.

Swali: Mtu akiugua, nani anamtibu?

Jibu: Daktari hayupo kila safari. Katika kila kundi yupo aliyepewa mafunzo ya utabibu ya saa 40 hivi, kuna kabati la dawa, kuna mashine ya ultrasaundi, na madaktari walio ardhini wanamwelekeza.

Kisa kinachofundisha zaidi kilichapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine, jina la mgonjwa likifichwa. Mwanaanga mmoja, miezi miwili ndani ya safari, alikuwa akijipima shingo kwa ultrasaundi kwa ajili ya utafiti. Hakuwa na maumivu yoyote. Picha ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto. Utafiti huohuo ulikuwa umewapima wanaanga 11, na kwa sita kati yao damu ya mshipa huo ilikuwa imesimama au inarudi nyuma. Duniani ukiwa umesimama, damu ya kichwani hushuka yenyewe. Kule hakuna kushuka.

Kituoni palikuwa na sindano za kuzuia damu kuganda, lakini chache. Wakazipangia kipimo ili zitoshe mpaka chombo cha mizigo kilete vidonge. Hata kuvuta dawa kwenye kichupa kulitaka ustadi, maana hewa na dawa havitengani vyenyewe huku kimoja kikikaa juu na kingine chini. Mgonjwa aliendelea na kazi, akatumia dawa zaidi ya miezi mitatu, akarudi salama.

Kwa sababu hiyohiyo dripu ya kutundika haifanyi kazi: hakuna tone litakaloshuka, lazima pampu isukume, na mapovu ya hewa yaondolewe kwanza. Moyo ukisimama, mgonjwa hufungwa kwenye ubao, na anayembonyeza kifua hukanyaga dari kwa miguu, mikono imenyooka, akisukuma kwa nguvu za mapaja. Nilipoiona picha ya mafunzo hayo nilidhani imepinduliwa.

Kuna mgonjwa aliyewahi kukatisha safari ya wenzake: Novemba 1985 Vladimir Vasyutin aliugua akiwa Salyut 7, kituo cha Urusi ya Kisovieti, na timu nzima ikarudi mapema.

Swali: Kinga ya mwili inashuka?

Jibu: Inayumba. Virusi vilivyolala mwilini tangu utotoni huamka, vikiwemo vya tetekuwanga, vile vinavyowaletea watu wazima mkanda wa jeshi. Wengi hawaumwi, virusi huonekana tu kwenye mate vikipimwa. Na ili wasipande na maambukizi mapya, kabla ya kupaa wanaanga hutengwa karibu wiki mbili.

Swali: Wanawake wanafanyaje na hedhi?

Jibu: Kama huku. Mwaka 1983 wahandisi walimuuliza Sally Ride, Mmarekani wa kwanza mwanamke kwenda angani, kama tamponi 100 zingemtosha kwa safari ya wiki moja, na hicho ni kipimo kizuri cha walivyojua mambo ya wanawake. Hedhi angani huja kama kawaida. Wanaokaa muda mrefu wengi huchagua kuizuia kwa vidonge vya uzazi wa mpango, wakishauriana na daktari. Christina Koch alikaa siku 328, kuanzia 2019 hadi 2020, na hakuna mwanamke aliyekaa zaidi kwa safari moja.

Swali: Mwislamu akifikwa na Ramadhani huko?

Jibu: Imetokea. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikuwa kituoni Ramadhani ya 2007. Sultan AlNeyadi wa Falme za Kiarabu alikaa miezi sita mwaka 2023, Ramadhani ikiwemo. Kabla ya kuondoka alieleza kwamba yeye ni msafiri, na msafiri ana ruhusa ya kutofunga. Kituo kikiona jua likichomoza na kuzama mara 16 kwa saa 24, hesabu ya magharibi isingekuwa rahisi. Kitabibu ruhusa hiyo ina mantiki: kiu hupungua bila mtu kujijua, figo ziko hatarini, na mazoezi hayasimami.

Swali: Macho na mionzi je?

Jibu: Macho kwanza. Baadhi huvimba mshipa wa fahamu wa jicho, jicho lenyewe hubonyea kidogo nyuma, na kusoma kwa karibu kunakuwa kugumu. Hupewa miwani ya akiba kabla ya kuondoka. Sababu kamili bado inachunguzwa, ila maji yaliyopanda kichwani ndiyo mshukiwa mkuu. Mionzi ya miezi sita ni kama milisivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 80 hadi 160, wakati mtu wa kawaida hupata milisivati 2 au 3 kwa mwaka mzima. NASA, shirika la anga la Marekani, imeweka kikomo cha milisivati 600 kwa maisha yote ya kazi. Hatari yenyewe ni saratani ya miaka ya baadaye.

Swali: Akirudi anaweza kutembea?

Jibu: Wengi hubebwa kutoka kwenye chombo hadi kitini. Kabla ya kushuka hunywa maji na chumvi ili damu iongezeke, na huvaa suruali ya kubana. Hata hivyo kusimama ghafla kunaweza kumwangusha mtu, na kugeuza kichwa tu kunaleta kizunguzungu. Nyayo zimekuwa laini kama za mtoto, sugu zote zilishabanduka.

Valeri Polyakov alitaka kuonyesha vinginevyo. Alikuwa daktari, na alikaa Mir, kituo cha anga cha Urusi, kuanzia Januari 1994 hadi Machi 1995, siku 437, rekodi ya safari moja ambayo haijavunjwa. Alitaka kujua kama mtu anaweza kufika Mars akiwa bado anafaa kwa kazi. Alipotua, alitembea kwa miguu yake hadi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Msuli na mizani ya mwili hurudi ndani ya wiki chache. Mfupa ni mzito kurudi: uchunguzi wa wanaanga 17 uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kadhaa miongoni mwao mfupa wa muundi haujawa kama zamani hata mwaka mmoja baada ya kutua.

Swali: Mama yangu amelala kitandani miezi miwili baada ya kiharusi. Haya yanamhusu?

Jibu: Yanamhusu sana. Watafiti wasioweza kupeleka watu angani huwalaza. Huko Cologne, Ujerumani, na Toulouse, Ufaransa, watu wenye afya hulipwa kulala siku 60 kichwa kikiwa chini kwa nyuzi 6, wakila, wakioga na kujisaidia hukohuko kitandani. Hupoteza mfupa na msuli kama wanaanga.

Kwa mama, muulize mtaalamu wa viungo ni mazoezi gani yanamfaa, na kama anaweza kukalishwa au kusimamishwa kwa msaada, hata dakika chache mara kadhaa kwa siku. Upande uliopooza unyooshwe na kukunjwa polepole, bila kuvuta bega. Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Vidonda vya kulalia ni balaa ambayo mwanaanga hana, kwa kuwa hakuna kinachomgandamiza. Apewe maji ya kutosha, ila kama anapaliwa akimeza, muulizeni daktari kwanza namna ya kumpa. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, au akianza kuhema ghafla na kuumwa kifua, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na msiuchue mguu huo.