Je, wajua? Liwali wa mfalme wa Uajemi huko Caria hakuwa Mwajemi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mikoa ya Uajemi ya kale ilitawaliwa hivi: mfalme anakaa Susa au Persepolis, anamchagua Mwajemi mwaminifu, anamkabidhi muhuri na askari, kisha anamtuma mbali akawaamrishe wenyeji. Nadhani picha hiyo niliibeba kutoka Kitabu cha Danieli, pale Dario anapoweka watawala 120 juu ya ufalme wake. Ungeniuliza satrapi ni nani, ningejibu bila kusita kwamba ni liwali aliyeletwa kutoka Uajemi.

Neno lenyewe kweli ni la Kiajemi, na maana yake ni mlinzi wa ufalme. Lakini halisemi huyo mlinzi azaliwe wapi, na hapo ndipo nilipopotea.

Kilichonitoa tongotongo ni Caria, kipande cha pwani kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, upande wa Bodrum, mji ambao zamani uliitwa Halicarnassus. Waajemi waliitwaa Caria katika karne ya 6 KK. Mnamo mwaka 392 KK hivi, mfalme Artaxerxes wa Pili aliifanya mkoa unaojitegemea akampa Hecatomnus, mzaliwa wa Mylasa, Mcaria wa kufa na kuzikana. Mwaka 377 KK kiti kikaenda kwa mwanawe Mausolus, yule ambaye kaburi lake lilihesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale. Baada yake akatawala Artemisia, dada yake ambaye pia alikuwa mkewe. Kisha akaja ndugu yao Idrieus, aliyekuwa amemwoa dada mwingine, Ada. Kisha Ada mwenyewe. Na mwisho Pixodarus. Watoto watano wa baba mmoja, na wote watano wakakikalia kiti. (Huyu Artemisia si yule aliyeongoza merikebu tano upande wa Waajemi kwenye vita vya baharini vya Salamis, dhidi ya Wagiriki, mwaka 480 KK. Wamepishana kwa zaidi ya karne moja, na mimi niliwahi kuwachanganya mbele ya watu.)

Sasa mfalme alipata nini kwa kuiachia familia moja pwani nzima? Fikiria daladala. Tajiri ananunua gari na kumkabidhi dereva, na wanakubaliana hesabu ya siku. Jioni tajiri haulizi abiria wangapi walisimama, wala konda alimtoza nani nauli ya ziada. Anauliza hesabu tu. Kinachozidi ni cha dereva, kikipungua dereva atajua pa kukitoa. Tajiri naye anabaki na kadi ya gari, na dereva anajua hivyo.

Uajemi iliiendesha pwani yake karibu hivyo. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaandika kwamba mfalme Dario aliliwekea eneo la Waionia (Wagiriki wa pwani hiyo), Wacaria, Walycia (watu wa Lycia, jirani ya Caria) na jirani zao hesabu ya talanta 400 za madini ya fedha kwa mwaka, na talanta moja ilikuwa na uzito unaozidi kilo 25. Juu yake mfalme alitaka merikebu na watu wakati wa vita. Namna ya kuzikusanya ilikuwa shauri la waliopo pwani. Dereva mwenyeji alikuwa na faida nyingine: anajua mashimo ya barabara. Alijua lugha, madhabahu, koo, na nani ana deni na nani.

Konda naye alikuwepo. Chini ya Mausolus kulikuwa na msaidizi aliyeitwa, sikubuni, Condalus. Kitabu kimoja cha Kigiriki kuhusu mbinu za kutafuta pesa, kinachonasibishwa na Aristotle, kinasimulia kwamba aliona Walycia wanapenda nywele ndefu, akawaambia mfalme anazitaka nywele zao zikatengenezewe nywele za bandia. Wasiotaka kunyolewa wangelipa kodi ya kichwa, ili nywele zikanunuliwe kwa Wagiriki. Walilipa upesi. Kisa hiki tukipokee kwa tahadhari, maana kitabu hicho kilikusanya ujanja, na ujanja hunenepa kila unaposimuliwa.

Mawe ndiyo yanayoaminika zaidi. Huko Mylasa kuna azimio lililochongwa, nalo linaanza kwa kutaja mwaka wa 39 wa ufalme wa Artaxerxes, kisha Mausolus akiwa satrapi, kisha uamuzi wa watu wa Mylasa katika mkutano wao, uliothibitishwa na makabila yao matatu. Ngazi zote tatu ziko kwenye sentensi moja. Mfalme anatoa tarehe, liwali anatajwa, na mji unapiga kura.

Waliyoamua ni ya ajabu zaidi. Wacaria walikuwa wamemtuma mtu aitwaye Arlissis kwa mfalme. Yaani abiria walikuwa na namba ya simu ya tajiri! Huko Arlissis akala njama dhidi ya Mausolus, mfalme akamhukumu kifo, na mji ukampa Mausolus mali zake. Ukisoma jiwe hilo huwezi kusema kwamba mwenyeji alijitawala tu, kwa sababu neno la kifo lilitoka kwa mfalme. Hata hivyo, Diodorus, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, anamworodhesha Mausolus huyo huyo kati ya maliwali walioasi miaka michache baadaye, naye akaendelea kukalia kiti mpaka alipofariki mwaka 353 KK. Kadi ya gari ina nguvu, lakini dereva anayeleta hesabu husamehewa mengi.

Jiwe jingine lilipatikana mwaka 1973 huko Letoon, Lycia, la wakati Pixodarus alipokuwa satrapi wa Caria na Lycia. Watu wa mji wa Xanthos wanaanzisha madhabahu, wanamteua kuhani, na kumsamehe kodi. Uamuzi wao umeandikwa kwa Kigiriki na Kilycia. Upande mwingine maneno ni ya Kiaramu, lugha ya ofisi za Waajemi, na hapo anayesema ni Pixodarus.

Mwajemi niliyemdhania alikuja hatimaye. Aliitwa Orontobates, na hata yeye aliingia kwa mlango wa nyumba hiyo hiyo: alimwoa binti wa Pixodarus. Hakukaa sana. Mwaka 334 KK Alexander wa Makedonia alifika, na Ada, ambaye Pixodarus alikuwa amempindua na kumwachia ngome ya Alinda tu, akamfungulia milango na kumfanya mwanawe wa kupanga. Halicarnassus ilipoanguka, Alexander akamrudishia Ada mkoa mzima wa Caria. Ulinzi, askari wa kukodiwa 3,000 na wapanda farasi 200, akamkabidhi mtu wake mwenyewe.