Shangazi Akigeuka Bibi: Kwa Nini Siwaandikii Wanafunzi Kijapani kwa Herufi za Kilatini

Wiki iliyopita mwanafunzi mpya, mhasibu mwenye bidii anayesoma jioni baada ya kazi, aliniambia maneno ambayo nimekwisha kuyasikia kwa karibu kila mtu mzima anayeanza: kwamba Kijapani ni chepesi kwetu Waswahili kwa kuwa hutamkwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo nimwandikie kwa herufi za Kilatini aanze kuongea, na herufi zao tutaziona baadaye. Ushauri huo unawapotezea watu miezi, na nimechoka kuwafundisha upya kile ambacho ndimi zao zimekwisha kukizoea vibaya.

Ukweli uliomo naukubali. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na maneno kama sakana (samaki) au mado (dirisha) hayamsumbui mtu wa Tanga wala wa Mombasa. Kinachotuponza ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha kidogo, nasi hatuna habari kwamba tunafanya hivyo. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo, bali kina mapigo, ambayo wanaisimu huyaita mora, na kila pigo huchukua muda unaokaribiana na wa mwenzake. Obasan, yaani shangazi, ni mapigo manne: o-ba-sa-n. Obaasan, yaani bibi, ni matano: o-ba-a-sa-n. Mswahili akisoma neno la kwanza kwa Kilatini huona silabi tatu, mkazo unatua kwenye ba, ba inavutika, na Mjapani anayemsikiliza anaelewa kwamba anazungumziwa bibi. Ndivyo ilivyo pia kwa shujin (mume) na shuujin (mfungwa), na kwa kite (njoo), kitte (stempu) na kiite (sikiliza). Maandishi mengi ya Kilatini hayaonyeshi hata urefu wenyewe: Tokyo lina mapigo manne, to-u-kyo-u, lakini nani angeyaona hapo?

Katika hiragana, yaani herufi za msingi za Kijapani zinazoandika sauti, mambo haya yako wazi. Irabu ya ziada ina herufi yake, konsonanti inayoshikiliwa ina っ ndogo, na n inayosimama peke yake ina ん. Jicho likiona herufi, kidole kinagonga meza, na mdomo unafuata. Wala sikio letu si geni kwa mambo haya, kwani hakuna Mswahili anayechanganya kufa na kufaa, na ile n ya nchi, inayojitegemea bila irabu, ni jamaa wa karibu wa ん. Mwanafunzi anayekumbuka nchi hapati taabu kutofautisha kinen (kumbukumbu), ki-ne-n, na kin'en (kutovuta sigara), ki-n-e-n.

Kwa hiyo anza na hiragana 46 za msingi, ukiziandika kwa mkono, safu moja kwa siku. Mwenye kazi na familia ajipe wiki mbili, kisha aingie katakana, herufi za sauti zilezile zinazotumika hasa kwa maneno ya kigeni, ambazo nazo ni 46. Kuhusu kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, orodha rasmi ya mwaka 2010 ina 2,136, na sioni faida ya kuihofia mapema. Zijifunze ndani ya maneno unayoyahitaji.

Sentensi ya kwanza ndefu ninayoifundisha wengi wameisikia garini. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani, ukiyawasha, husema kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa: kaado ga sounyuu sarete imasen. Igonge mezani, utapata mapigo 15, manne yakiwa ndani ya sounyuu peke yake. Kisha tazama ukanushi. Sisi tukisema haijaingizwa tunakanusha mwanzoni mwa kitenzi, ilhali wao wanakanusha mkiani, kwa -masen, ndiyo maana anayeanza lazima azoee kusikiliza sentensi hadi mwisho.

Jambo ambalo bado sijalipatia jibu linaloniridhisha ni kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno. Kwa lafudhi ya Tokyo, hashi likianza juu na kushuka ni vijiti vya kulia, na likianza chini na kupanda linaweza kuwa daraja. Ukifika Osaka, maneno hayo mawili yanabadilishana. Zamani sikuligusa kabisa katika mwaka wa kwanza, na wanafunzi wangu wakabaki na sauti ngumu kurekebishika. Nilipolianza wiki ya kwanza, baadhi yao waliogopa kufungua mdomo. Kwa sasa ninawaomba wasikilize na kuiga bila kuchora mistari ya kupanda na kushuka, ingawa ninashuku kwamba wenye masikio mazuri wangestahili zaidi ya hapo.

Mhasibu nimemkatalia maandishi ya Kilatini, akanuna siku moja. Jana alikuwa kwenye safu ya ta, chi, tsu, te, to, akigonga meza kwa kalamu, na kitte alilitamka sawasawa mara ya tatu.